Kapsuli Sita Nilizoziweka Akiba

Kwa miezi kadhaa kapsuli sita za amoksilini, antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, zilikaa ndani ya droo kando ya kitanda changu, nami niliziona kuwa akiba ya mtu mwenye busara. Zilibaki baada ya maambukizi yangu ya kwanza ya njia ya mkojo, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita UTI tu, kwa sababu siku ya tatu ya kumeza dawa maumivu yalikuwa yamekwisha na sikuona haja ya kuendelea. Naanza na kapsuli hizo kwa kuwa makosa yote niliyoyafanya baadaye, hadi siku niliyolazwa nikitetemeka kwa homa, yalitokana na imani ile ile iliyonifanya nizihifadhi: kwamba nikishajua jina la ugonjwa, nimekwisha kuijua na dawa yake.

Aliyewahi kuugua ugonjwa huu hahitaji kusimuliwa unavyoanza. Unakwenda haja ndogo na kuhisi moto. Unarudi kitandani, na kabla hujajifunika kibofu kinadai tena, lakini ukifika chooni yanatoka matone machache tu yenye kuchoma. Chini ya kitovu panauma kama vile mtu amepakandamiza kwa ngumi. Usiku wa namna hiyo haumwachii mgonjwa subira ya kungoja kupambazuke, sembuse kungoja majibu ya maabara. Ndiyo maana dalili ziliporudi, miezi mitano hivi baada ya zile za kwanza, sikufikiri mara mbili. Nilifungua droo, nikameza kapsuli mbili papo hapo, na katika siku mbili nikazimaliza zote sita. Nilipata nafuu. Leo ninajua kwamba kwa baadhi ya wanawake maambukizi ya kibofu hutulia yenyewe, kwa kuwa mwili nao hupambana, na kwamba nafuu ile haikuthibitisha hata kidogo kuwa dawa ilikuwa imefanya kazi. Wakati ule niliipa dawa sifa zote.

Mara ya tatu droo ilikuwa tupu. Rafiki yangu mmoja, kwa huruma ya kweli, alinipa vidonge vinne vya siprofloksasini alivyokuwa amevibakiza, vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Juu yake nikaongeza metronidazoli niliyoinunua bila kuandikiwa na mtu, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba inasafisha. Metronidazoli haimdhuru bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, kwa hiyo nilijitwika madhara ya dawa bila faida yake. Siprofloksasini nayo ni dawa ya kuheshimiwa sana: mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitahadharisha kwamba kwa maambukizi ya kawaida ya kibofu dawa za jamii hiyo zitumike tu pale ambapo hakuna nyingine inayofaa, kwa sababu huweza kudhuru kano, misuli, viungo na neva, na wakati mwingine madhara hayo hudumu. Hayo yote huandikwa kwenye karatasi ya maelezo inayokaa ndani ya boksi la dawa. Mimi sikupewa boksi, na sikuuliza.

Mara ya nne ugonjwa haukubaki kwenye kibofu. Nilikuwa na muwasho mdogo wa haja ndogo kwa siku tatu, nikaupuuza, na siku ya nne maumivu yakahamia ubavuni upande wa kulia, nyuma, chini kidogo ya mbavu, yakifuatana na kichefuchefu na baridi iliyonitetemesha hadi meno yakagongana ingawa nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili. Homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni, vikitokea kwa mtu mwenye dalili za mkojo, ni ishara kwamba huenda maambukizi yamepanda hadi kwenye figo, na hakuna hata usiku mmoja wa kuvilalia. Nilipelekwa hospitali, na daktari aliyenipokea aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa kuwa sikuwahi kumpa mtu yeyote nafasi ya kuliuliza.

"Dada, nitajie antibiotiki zote ulizotumia mwaka huu, hata zile ulizopewa na jirani. Sikuulizi ili nikulaumu. Nauliza kwa sababu majibu yako yatanionyesha dawa ambazo huenda hazitakusaidia leo."

Nilihesabu kwa vidole. Katika miezi 11 nilikuwa nimetumia aina tatu, na kati ya hizo hakuna hata moja niliyoimeza kwa idadi ya siku iliyotakiwa. Daktari aliandika kila kitu, kisha akaagiza mkojo uchukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, akanieleza kwamba dawa ikishaingia mwilini bakteria huweza kushindwa kuota maabara, majibu yakaja yakisema hakuna kitu ilhali mgonjwa bado anaumwa.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hata kutoa mkojo wa kupimwa kuna namna yake. Muuguzi alinielekeza nioshe mikono, nijisafishe, nitenganishe mashavu ya uke kwa vidole, niuachie mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha nikinge ule wa katikati bila kugusa upande wa ndani wa kikopo wala wa kifuniko. Mkojo wa mwanzo hubeba bakteria wa kwenye ngozi ambao hawana hatia, na kikopo kilichokingwa ovyo huweza kumpa mtu jina la ugonjwa asiokuwa nao. Aliniambia pia kwamba kikopo hicho kinapaswa kufika maabara ndani ya saa mbili, au kiwekwe kwenye jokofu, kwa sababu bakteria huendelea kuzaana ndani yake na kuharibu hesabu. Nilikumbuka jinsi nilivyowahi kutembea na kikopo cha namna hiyo kwenye mkoba nusu siku nzima, nikafedheheka.

Alichovya kijiti cha kupimia mbele yangu. Kiraba kimoja kikageuka zambarau, ishara ya chembe nyeupe za damu, yaani mwili uko vitani. Kingine kikawa na rangi ya waridi, ishara ya nitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi wa ugonjwa huu huitengeneza mkojo unapokuwa umekaa kwenye kibofu kwa saa kadhaa. Kijiti hakisemi bakteria ni nani wala anauawa na nini. Kwa hilo mkojo unapaswa kuoteshwa, na kuotesha huchukua siku mbili hivi. Kwa kuwa maambukizi ya figo hayawezi kungoja siku mbili, nilianzishiwa sindano za seftriaksoni, dawa ambayo sikuwa nimewahi kuigusa, huku tukisubiri majibu.

Siku ya tatu, homa ikiwa imeshuka, niliomba nione kilichoota. Sijui ujasiri ule niliupata wapi, ila nilihisi kwamba nisipokiona kwa macho yangu nitarudi kwenye droo. Mtaalamu wa maabara alikubali, akanisimamisha mbali kidogo na meza na kuniambia, "Sogea hapo, dada, utazame tu, usiguse." Alinyanyua kisahani cha plastiki chenye kifuniko, ndani yake mna ute mgumu wa rangi ya majani makavu. Juu ya ute huo bakteria walikuwa wametanda kama ukungu mweupe kwenye kioo cha dirisha, na katikati ya ukungu mlikuwa na vipande vya karatasi vya duara, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kuzunguka baadhi ya vipande palikuwa na duara safi, pana, ambapo hakuna kilichoweza kuota. Kuzunguka vingine hapakuwa na duara lolote: ukungu ulikuwa umefika hadi kwenye ukingo wa karatasi, umeigusa kabisa.

Akavitaja kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Bakteria alikuwa Escherichia coli, yule ambaye kwa kawaida husababisha zaidi ya robo tatu ya maambukizi ya mkojo kwa wanawake wasio na maradhi mengine. Amoksilini: hakuna duara. Siprofloksasini: kiduara chembamba kisichotosha. Kotrimoksazoli, ambayo sikuwahi hata kuitumia: hakuna. Seftriaksoni: duara pana. Nitrofurantoini: duara pana. Nilikitazama kipande cha amoksilini kwa muda mrefu, nikiwaza juu ya kapsuli zangu sita.

Nilidhani bakteria hawa walikuwa wamenijia kutoka nje, kwenye choo fulani nilichotumia, kama tunavyoambiana siku zote. Daktari alinisahihisha kwa upole. E. coli anaishi kwenye utumbo mpana wa kila mmoja wetu, na huko si adui. Kutoka njia ya haja kubwa hadi mlango wa mkojo ni hatua fupi, na kwa mwanamke mrija wa kutoa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamume unakaribia sentimita 20, kwa hiyo safari ya bakteria kuingia kwenye kibofu chetu ni ndogo mno. Kisha akasema jambo lililobadilisha kabisa mtazamo wangu: kila antibiotiki niliyoimeza kwa ajili ya kibofu ilifika pia kwenye utumbo, ikawaua bakteria dhaifu na kuwaacha wale walioweza kuihimili, nao wakapata nafasi ya kuzaana bila wa kushindana nao. Maambukizi yaliyofuata yalitoka kwenye kundi hilo la waliobaki. Hali hiyo huweza kudumu miezi mingi baada ya mtu kumeza dawa, hata kufikia mwaka. Wala usugu, yaani bakteria kuihimili dawa, dhidi ya kotrimoksazoli haukuwa wa ajabu, kwani bakteria hurithishana vipande vya vinasaba vinavyobeba kinga dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja, na ukimbakiza anayeihimili dawa hii huenda umembakiza anayeihimili na ile.

Baadaye nilisoma kwamba Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mapema sana. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945, alisema kwamba si vigumu kuwafanya vijidudu wawe sugu kwa penisilini maabara kwa kuwapa kiasi kisichotosha kuwaua, na kwamba jambo hilo hilo limewahi kutokea ndani ya mwili. Penisilini ilikuwa bado changa wakati huo. Nilichokifanya na zile kapsuli sita kilikuwa kimekwisha kuelezwa miongo mingi kabla sijazifungua, na haikunipa faraja kuona kwamba wanaofanya hivyo ni wengi. Mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na katika vifo vyote vilivyohusishwa na usugu, bakteria aliyeongoza ni huyu huyu E. coli.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa, nikamuuliza daktari: ikiwa nitrofurantoini ilikuwa na duara pana kiasi kile, kwa nini nisipewe vidonge vyake nikaachana na sindano? Alinijibu kwamba nitrofurantoini hujikusanya kwa wingi kwenye mkojo uliomo kibofuni, lakini haifikii kiwango cha kutosha kwenye nyama ya figo. Ni dawa nzuri kwa kibofu, na haifai kwa figo iliyovimba. Karatasi ya maabara peke yake, kumbe, haitoshi. Inahitaji mtu anayejua ugonjwa umekaa wapi, hali ya figo za mgonjwa ikoje, kama ana mimba, na kama ana mzio. Nilimalizia kwa vidonge vya jamii ya seftriaksoni hadi zikatimia siku 10.

Kuhusu kuzuia nitasema kwa ufupi, kwa sababu mengi yanayosemwa ni ya kawaida. Lililonisaidia kuliko yote ni maji. Nilikuwa mtu wa kunywa glasi tatu kwa siku na kubana mkojo hadi kazi iishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia kwa mwaka mzima wanawake 140 waliokuwa wakipata maambukizi ya kibofu mara kwa mara na ambao walikuwa na mazoea ya kunywa maji kidogo. Walioongeza lita 1.5 kila siku walipata kwa wastani maambukizi 1.7, na wasioongeza walipata 3.2. Niliacha pia kujisafisha ukeni kwa sabuni za manukato, na daktari alinishauri niachane na kinga za uzazi zenye dawa ya kuua mbegu za kiume, kwa kuwa huwaua bakteria wema wanaoulinda uke. Kwa wanawake waliokoma hedhi kuna krimu ya estrojeni, homoni ya kike, ya kupaka ukeni, ambayo wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ipo.

Miezi tisa ilipita kabla kibofu hakijaniuma tena, na safari hii nilitoa mkojo kwanza. Majibu yalikuwa ya bakteria anayeuawa na nitrofurantoini, ugonjwa ulikuwa kwenye kibofu pekee, nikaandikiwa siku 5 tu. Nilishangaa uchache wake, maana nilikuwa nimeshika kwamba kadiri dozi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyokuwa salama. Mfamasia alinieleza kwamba kumaliza dozi maana yake ni kumaliza siku ulizoandikiwa, si kujiongezea, kwani kila siku ya ziada ni siku nyingine ya kuwachuja bakteria wa tumboni. Alinionya pia kwamba nimeze pamoja na chakula, na kwamba mkojo ungegeuka kuwa wa manjano iliyokolea hata ukaelekea kahawia. Uligeuka kweli, na bila onyo lile ningeacha dawa siku ya pili kwa hofu. Kapsuli ya mwisho niliimeza jioni ya siku ya tano, nikautupa mfuko mtupu.

Somo gumu kuliko yote lilikuja wiki sita baadaye, nikiwa mzima kabisa. Kwa hofu tu, bila dalili hata moja, nilijipeleka maabara, na majibu yakaja: E. coli, zaidi ya 100,000 kwa kila mililita. Nilikimbia kwa daktari na karatasi mkononi. Akaisoma, akaniuliza kama nachomwa, kama nakwenda haja mara kwa mara, kama nina homa. Kila swali nililijibu hapana. Akaikunja karatasi na kunirudishia.

"Basi hatutibu," alisema. "Tunatibu mgonjwa, hatutibu karatasi. Bakteria wanaweza kukaa kwenye kibofu wasikusumbue, na nikikupa dawa leo nitawaondoa hawa wapole na kuwafungulia mlango wakorofi."

Nilitoka nikiwa na hasira, nikaamini kwamba amenipuuza. Usiku ule nilishindwa kulala, nikijua kuna kitu kinaishi ndani yangu na sijafanyiwa lolote. Nilisubiri moto uanze, siku ya kwanza, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza. Haukuanza. Daktari aliyenikatalia dawa alinitendea wema ambao wengi kabla yake, na mimi nikiwa wa kwanza, tulishindwa kunitendea.

Lakini kabla sijatoka alikuwa ameniambia nisiigeuze kauli hiyo kuwa sheria ya kila mtu, na ninashukuru kwamba nilisikia. Mwaka uliofuata mdogo wangu alinipigia simu akiwa na mimba ya miezi minne. Kliniki walikuwa wameotesha mkojo wake, wakakuta bakteria, wakamwandikia sefaleksini ya siku 7, naye hakuwa anaumwa popote.

"Dada, si wewe uliyeniambia bakteria wasio na dalili waachwe?" aliniuliza. "Dawa nimeshachukua lakini sijazianza. Namhofia mtoto."

Nilimwambia aanze jioni ile ile. Mimba hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, na mfuko wa uzazi unaokua huibana, mkojo ukatuama. Bakteria wapole wa kibofuni hupata njia ya kupanda hadi kwenye figo, na maambukizi ya figo kwa mjamzito huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo mjamzito hutibiwa hata asipohisi kitu, kama anavyotibiwa pia mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Dawa aliyopewa ni miongoni mwa zile zinazotumiwa kwa wajawazito, na ilichaguliwa baada ya kuona duara kwenye kisahani. Nilimweleza hayo yote, kisha nikamsihi amuulize daktari wake maswali yale yale bila kuona haya, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwona.

Wiki moja baada ya kumaliza alirudi kliniki, mkojo ukaoteshwa upya, na hakukuota kitu. Alinitumia picha ya karatasi ya majibu, na pembeni yake, mezani, alikuwa ameweka pakiti ya dawa ikiwa tupu.